MADA YA TISA: KUTOKA TAMTHILIYA ZA RUNINGA HADI RIWAYA
Maisha na kazi za Sidney Sheldon

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze:

(i) Kueleza kwa ufupi maisha na kazi za mwandishi Sidney Sheldon.
(ii) Kueleza sababu iliyomfanya atoke kwenye tamthiliya za runinga na kuandika riwaya.
(iii) Kufafanua tofauti na mfanano wa tamthiliya na riwaya kwa kutoa sababu, si kwa kukariri orodha.
(iv) Kutumia maarifa hayo kujibu maswali ya vitabu teule.

1. Kwa nini tunamsoma mwandishi huyu?

Sidney Sheldon hayumo katika orodha ya vitabu teule vya kidato cha nne, na hutaulizwa habari zake kwenye mtihani wa taifa. Riwaya zake ziliandikwa kwa ajili ya watu wazima, kwa hiyo mada hii haikutumi ukazisome sasa. Huenda jina lake umeliona kwa wauza vitabu vya mitumba, kwenye majalada yaliyochakaa kwa kupita mikono mingi.

Tumemweka hapa kwa sababu moja. Swali la tofauti za tamthiliya na riwaya hujibiwa vibaya na watahiniwa wengi. Wengi huandika hivi: "Tamthiliya ina mazungumzo, riwaya haina mazungumzo." Jibu hilo si sahihi. Fungua riwaya yoyote uliyosoma darasani, utakuta wahusika wanazungumza. Wengine huandika kwamba riwaya ni ndefu na tamthiliya ni fupi, wakaishia hapo. Urefu peke yake hauelezi jambo kubwa.

Sheldon aliandika kwa ajili ya jukwaa, filamu na runinga kwa miaka zaidi ya 25. Alikuwa na kazi, jina na tuzo. Kisha siku moja alipata wazo la hadithi ambalo aliona haliwezi kuigizwa. Ukielewa kwa nini aliliona hivyo, umeelewa tofauti kubwa kuliko zote kati ya tanzu hizi mbili, na hutahitaji kuikariri.

2. Maisha yake ya awali

Sidney Sheldon alizaliwa tarehe 11 Februari 1917 katika jiji la Chicago, Marekani. Jina la ukoo wake lilikuwa Schechtel. Sheldon ni jina alilolichukua baadaye. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye asili ya Urusi. Akiwa na umri wa miaka 10 aliuza shairi lake la kwanza kwa dola 5.

Ujana wake uliangukia katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi wa Marekani, kipindi ambacho mamilioni ya watu walikosa kazi. Alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Northwestern, lakini hali ngumu ya maisha ilimfanya aache masomo na kufanya vibarua vya kila namna.

Katika tawasifu yake, *The Other Side of Me*, iliyotoka mwaka 2005, anaeleza bila kuficha kwamba akiwa na miaka 17 alikata tamaa ya kuishi. Baba yake ndiye aliyemzuia, akamkumbusha kwamba hakuna ajuaye kurasa zilizobaki za maisha yake zimebeba nini. Anaeleza pia kwamba aliishi na ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apandwe na furaha kupita kiasi, kisha azame katika huzuni nzito. Mafanikio yake yote aliyapata akiwa na mzigo huo.

Angalizo: *Wasifu* ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine, kama haya unayosoma. *Tawasifu* ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe. Usizichanganye.

3. Miaka ya jukwaa, filamu na runinga

Mwaka 1937 Sheldon alihamia Hollywood, kitovu cha filamu cha Marekani. Alianza kazi chini kabisa: kusoma maandiko ya watu wengine na kuyaandikia muhtasari ili wakubwa wa studio waamue kama yanafaa. Ilikuwa kazi ya kipato kidogo, lakini ilimfundisha hadithi inavyojengwa na inavyobomoka.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na jeshi la anga kama rubani. Katika miaka hiyo hiyo aliandika michezo ya kuigiza yenye muziki kwa ajili ya kumbi za Broadway, New York. Kuna wakati michezo yake mitatu ilikuwa ikionyeshwa huko kwa pamoja, naye hajafika hata miaka 30.

Baada ya vita alirudi kwenye filamu. Andiko lake la filamu ya *The Bachelor and the Bobby-Soxer* (1947) lilimpatia tuzo ya Oscar. Mwaka 1959 mchezo wa muziki wa *Redhead*, ambao alikuwa mmoja wa waandishi wake, ulipata tuzo ya Tony. Hata hivyo, njia haikuwa tambarare. Filamu ya *The Buster Keaton Story* (1957), ambayo aliiongoza mwenyewe, haikupokelewa vizuri.

Ndipo akaingia kwenye runinga. Kazi zake kubwa huko ni hizi:

(a) *The Patty Duke Show* (1963–1966): vichekesho kuhusu wasichana wawili wanaofanana kama mapacha.
(b) *I Dream of Jeannie* (1965–1970): vichekesho kuhusu mwanaanga anayeokota chupa ufukweni na kukuta ndani yake jini wa kike.
(c) *Hart to Hart* (1979–1984): tamthiliya ya mume na mke matajiri wanaofichua uhalifu.

*I Dream of Jeannie* ilikuwa na vipande 139, na sehemu kubwa aliiandika yeye mwenyewe. Jina lake lilionekana mara nyingi mno mwanzoni mwa vipindi, hata akaanza kutumia majina ya kubuni ili watazamaji wasichoke kuliona.

4. Wazo lililogoma kuigizwa

Katika mwaka wa mwisho wa *I Dream of Jeannie*, Sheldon alipata wazo la hadithi. Daktari wa magonjwa ya akili anagundua kwamba kuna mtu anataka kumuua. Hamjui mtu huyo wala sababu ya kuwindwa. Mgonjwa wake anauawa akiwa amevaa koti la mvua la daktari. Polisi nao wanamshuku daktari mwenyewe. Anafika mahali pa kujiuliza kama akili zake bado ni timamu.

Mwanafunzi, simama kidogo hapa. Tuseme umepewa hadithi hii uigeuze kuwa mchezo wa jukwaani. Utaonyesha nini? Daktari amekaa ofisini, yuko kimya, anawaza. Anapitia kichwani wagonjwa wake mmoja baada ya mwingine. Anamshuku huyu, anamwondoa, anamshuku yule, kisha anajishuku mwenyewe. Mtazamaji anamwona mtu aliyekaa kwenye kiti. Mambo yote mazito yanatokea ndani ya kichwa, mahali ambapo kamera na taa za jukwaani hazifiki.

Hicho ndicho kilichomkwamisha Sheldon. Alieleza kwamba aliona hadithi hiyo haiwezekani kuwa kipindi cha runinga, filamu wala mchezo wa jukwaani, kwa sababu ilimlazimu aingie ndani ya akili ya mhusika. Kilichobaki kilikuwa riwaya, na riwaya hakuwahi kuandika. Alianza kwa wasiwasi.

Angalia mpangilio wa sababu. Sheldon hakuhama kwa kuchoshwa na runinga, wala kwa kufukuzwa. Alihama kwa sababu *maudhui* aliyokuwa nayo yalidai *fani* nyingine. Sentensi hiyo iweke kichwani, tutaihitaji kwenye sehemu ya nane.

5. Alivyoiandika riwaya ya kwanza

Hakuacha kazi ya runinga. Alitenga saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana kila siku, akaagiza kwamba katika muda huo simu zake zote zipokelewe na katibu muhtasi, bila ubaguzi. Katika saa hizo tatu alisimulia hadithi kwa mdomo, ikaandikwa. Mchana ulipofika alirudi kwenye shughuli za runinga. Huo ukawa mtindo wake wa kuandika maisha yote: kusimulia kwanza, kisha kusahihisha na kuandika upya mara nyingi.

Riwaya hiyo, *The Naked Face*, ilitoka mwaka 1970. Sheldon alikuwa na miaka 53. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Edgar, inayotolewa na chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi cha Marekani, katika kundi la riwaya bora ya kwanza. Riwaya ya pili, *The Other Side of Midnight* (1973), ilipanda hadi namba moja katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la *New York Times*. Zikafuata *Bloodline* (1977), *Rage of Angels* (1980), *Master of the Game* (1982), ambayo sehemu yake inatokea kwenye machimbo ya almasi ya Afrika Kusini, *If Tomorrow Comes* (1985) na nyingine, jumla riwaya 18. Inakadiriwa kwamba vitabu vyake vimeuza zaidi ya nakala milioni 300 duniani. Alifariki dunia tarehe 30 Januari 2007 huko California, akiwa na miaka 89.

6. Alichokibeba kutoka kwenye runinga

Sheldon hakuacha ufundi wake mlangoni. Mambo matatu aliyobeba ni haya:

(i) Taharuki. Mwandishi wa runinga anajua kwamba kipande kikiisha vibaya, wiki ijayo mtazamaji hatarudi. Sheldon alisema wazi kwamba alikusudia kila sura imalizike mahali ambapo msomaji hawezi kufunga kitabu. Alifananisha mbinu hiyo na filamu za zamani za mfululizo, ambapo shujaa aliachwa akining'inia hadi wiki inayofuata.

(ii) Mazungumzo. Wahusika wake husema maneno machache yanayosukuma kisa mbele. Kwenye runinga kila dakika ina gharama, kwa hiyo maneno ya kupoteza muda hukatwa.

(iii) Sura na matukio mafupi. Anahama haraka kutoka mandhari moja hadi nyingine, kama kamera inavyohama.

Hapa tunapata *mfanano* wa tanzu hizi mbili. Zote zina wahusika, mandhari, migogoro, msuko wa matukio, taharuki na mazungumzo.

7. Alichokipata kwenye riwaya

(i) Msimulizi. Kwenye riwaya msimulizi anaweza kueleza mhusika anachowaza, anachoogopa na anachoficha. Kwenye tamthiliya siri ya moyo lazima itoke nje kwa njia fulani: mhusika aiseme kwa mwenzake, ajisemee peke yake jukwaani, au aionyeshe kwa kitendo.

(ii) Mandhari isiyo na gharama. Ukitaka kuonyesha Athens na New York kwenye filamu, lazima usafirishe watu au ujenge mandhari ya bandia. Kwenye riwaya aya moja inatosha. Sheldon alipenda kufika kwanza mahali alipotaka kupaandika, ili aya hiyo iwe na ukweli.

(iii) Uhuru wa mwandishi. Tamthiliya ya runinga hupita mikononi mwa mtayarishaji, mwongozaji, waigizaji na wenye kituo. Kila mmoja anaweza kubadilisha kitu. Riwaya ni ya mwandishi peke yake, na Sheldon alisema uhuru huo hakuupata katika kazi nyingine yoyote ya uandishi.

(iv) Uhuru wa msomaji. Mtazamaji hufuata mwendo wa mchezo. Msomaji husoma kwa mwendo wake, hurudi nyuma, na huwachora wahusika kichwani mwake.

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Mwaka 1984 *The Naked Face* iligeuzwa kuwa filamu, Roger Moore akiigiza kama daktari. Riwaya zake nyingine, kama *Rage of Angels* na *Master of the Game*, ziligeuzwa kuwa tamthiliya za runinga. Kwa hiyo usiandike kwamba riwaya "haiwezi kabisa" kuigizwa. Inaweza, lakini yale yaliyokuwa ndani ya mhusika hulazimika kutafutiwa uso, sauti na tendo, na mengine huachwa njiani.

Wapo wahakiki waliomlaumu Sheldon kwamba lugha yake ni nyepesi, na kwamba visa vyake hutegemea sana matukio ya bahati. Lawama hizo zina msingi. Mtahiniwa ajue kwamba kuuza vitabu vingi si kigezo pekee cha ubora. Uhakiki hutazama kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, katika fani na maudhui.

8. Tuhamie kwenye vitabu teule

Si Sheldon peke yake aliyevuka mpaka huu. Emmanuel Mbogo, aliyeandika riwaya ya *Watoto wa Mama N'tilie*, ni mwandishi wa tamthiliya pia, kwa mfano *Giza Limeingia*. Edwin Semzaba, mwandishi wa tamthiliya ya *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, aliandika pia riwaya ya *Marimba ya Majaliwa*. Kila mmoja alichagua utanzu kulingana na alichotaka kusema.

Chukua riwaya ya *Takadini*. Sekai anapotoroka na mtoto wake ili kumwokoa, msimulizi ndiye anayetuingiza katika hofu na upendo wake. Kama ingekuwa tamthiliya, mwigizaji angelazimika kutuonyesha kwa namna anavyomkumbatia mtoto na kugeuka nyuma, au kwa maneno ya kinywa chake. Sasa chukua *Ngoswe*. Karatasi za sensa zinapoteketea kwa moto, uzembe wa Ngoswe hauhitaji maelezo ya msimulizi. Hasara inaonekana kwa macho. Tukio hilo linafaa jukwaani.

Jinsi ya kujibu

*Swali:* Eleza tofauti moja ya msingi kati ya tamthiliya na riwaya. Tumia vitabu ulivyosoma.

*Jibu dhaifu:* Tamthiliya ina mazungumzo lakini riwaya haina. Mfano ni Ngoswe na Takadini.

*Jibu zuri:* Tamthiliya hufikisha ujumbe kwa maneno na matendo ya wahusika yanayoonekana, wakati riwaya hutumia msimulizi anayeweza kueleza hata mawazo ya ndani ya mhusika. Katika tamthiliya ya *Ngoswe*, uzembe wa Ngoswe unaonekana kwa tendo la karatasi za sensa kuteketea. Katika riwaya ya *Takadini*, hofu ya Sekai kwa ajili ya mwanawe tunaelezwa na msimulizi. Kwa sababu hiyo riwaya humwingiza msomaji moyoni mwa mhusika, nayo tamthiliya humfanya mtazamaji kuwa shahidi wa tukio.

Jibu zuri lina sehemu nne: hoja, ufafanuzi, mfano kutoka kila kitabu, na sababu au matokeo. Mara nyingi alama hupotea kwenye sehemu ya nne, kwa kuwa watahiniwa huishia kwenye mfano.

Zoezi la kujipima

1. Taja kazi mbili za runinga za Sidney Sheldon na riwaya zake mbili.
2. Kwa nini Sheldon aliona wazo la *The Naked Face* halifai kuigizwa?
3. "Mwandishi hachagui utanzu kwa bahati, maudhui ndiyo humwelekeza kwenye fani." Jadili kauli hii kwa hoja tatu, ukitumia tamthiliya moja na riwaya moja ulizosoma.
4. Chagua ukurasa mmoja wa riwaya yoyote teule ambao mhusika anawaza bila kusema. Uandike upya kama onyesho fupi la tamthiliya lenye maelekezo ya jukwaani. Kisha eleza kwa sentensi tatu ulichopoteza na ulichopata.

Mwongozo wa majibu

1. Rejea sehemu ya tatu na ya tano.
2. Taja kwamba mgogoro mkubwa uko ndani ya akili ya mhusika. Usiishie kwenye neno "ni vigumu". Eleza ugumu wenyewe.
3. Hoja zinaweza kuhusu msimulizi, mandhari na matumizi ya matendo. Kila hoja iwe na mfano kutoka kwenye kitabu, si jina la kitabu tu.
4. Hakuna jibu moja. Ukijikuta umemfanya mhusika aseme kwa sauti kila anachowaza, rudia zoezi. Mtafutie tendo. Ukikosa tendo linalotosha, umefika mahali alipofika Sheldon, na sababu ya kukosa kwako ndiyo hoja utakayoandika kwenye mtihani.